Kambi Ikifungwa, Ardhi Ikabidhiwe kwa Maandishi

   

Leo mazungumzo yetu ni juu ya ardhi ya kambi. Kuna kambi za jeshi, kambi za wakati wa vita, na kambi za vijana wa kujenga taifa. Kambi huanzishwa, hukaa miaka, kisha siku moja hufungwa au huhamishwa. Bendera inashushwa, magari yanaondoka, na wananchi wanabaki wakitazama uzio, makota, kisima na ekari nyingi zilizoota nyasi. Wanaanza kuulizana: sasa hapa ni pa nani?

Niweke jambo moja wazi mapema. Makambako yetu, hapa Njombe, ni mji unaoishi na jeshi. Askari ni ndugu zetu, watoto wao wanasoma na wetu, tunakutana nao sokoni na kanisani. Sikuja kusema kambi yoyote ya hapa ifungwe. Mambo ya ulinzi yana wenyewe wanaoyajua. Ninachosema ni hiki: kambi yoyote, popote nchini, ikifika siku ya kufungwa, ardhi yake ikabidhiwe kwa maandishi. Mipaka iwe imepimwa, anayepokea ajulikane kwa jina, na usalama wa udongo wake uthibitishwe, kabla mtu wa kwanza hajashika jembe wala kuchimba msingi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ardhi ya kambi, msemo huo una uzito mara mbili.

Tuanzie nyumbani. Nchi hii ya Wabena imekanyagwa na majeshi kwa muda mrefu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waingereza walipigana hapa hapa. Lupembe ilizingirwa. Novemba 1916 kikosi kizima cha Wajerumani kilisalimu amri Ilembule, mahali ambapo leo tunapaita Ilembula. Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita Njombe akielekea Rhodesia ya Kaskazini, na katika safari hiyo akawaacha Ubena wagonjwa wake pamoja na Jenerali Wahle, kwa kuwa hawakuweza kuendelea na mwendo. Leo ukitaja Ilembula kwa mtu wa Wanging'ombe, hawazi vita. Anawaza hospitali ya Kilutheri, alikojifungulia mke wake au alikotibiwa mama yake. Mahali palipoweka silaha chini, sasa ni pa kuponyea watu.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Hapa nataka tukae kidogo, maana kisa hiki kina mafunzo mengi na vijana wetu wengi hawakijui. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Stalin uliwahamisha kwa nguvu maelfu kwa maelfu ya Wapolandi na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Mwaka 1942 sehemu yao waliruhusiwa kutoka, wakapitia Irani, na kutoka huko wanawake, watoto na wazee wakasafirishwa kwa meli hadi Afrika Mashariki. Tanganyika iliwapokea katika kambi kadhaa. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Ifunda katika Iringa, na Kidugala, hapa kwetu Wanging'ombe.

Kidugala ilikuwa misheni ya Wajerumani wa Berlin. Vita ilipoanza, Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani, na mali ya misheni ikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Ndipo mamia ya Wapolandi wakaletwa pale. Walijenga maisha: watoto walisoma, ibada ziliendelea, na waliofariki walizikwa pale pale, mbali sana na kwao. Vita ilipokwisha na wakimbizi kuondoka, mahali hapakugeuka pori la kugombaniwa, maana mwenyewe alikuwepo na alijulikana. Kanisa la Kilutheri liliendelea napo, na leo Kidugala ni jina la seminari na shule, jina linalotajwa kwa heshima katika elimu ya Nyanda za Juu Kusini. Makaburi ya wale Wapolandi yangalipo.

Ifunda nako ni hivyo hivyo. Wakimbizi walipoondoka, serikali ya wakati ule ilipageuza pakawa shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mafundi seremala, waashi na makanika wengi wa nchi hii walipikwa Ifunda. Hadi leo Shule ya Sekondari ya Ufundi Ifunda ipo, pembeni ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mafinga. Tengeru pia, sehemu ya eneo la kambi ikawa chuo cha mifugo, na makaburi ya Wapolandi yamo ndani ya eneo la chuo yakitunzwa vizuri.

Sasa nikuulize, msikilizaji: kwa nini kambi hizi zilizaa shule na vyuo, wala hazikuzaa kesi? Majengo yalikuwepo, ndiyo. Maji yalikuwepo. Lakini majengo na maji yapo katika kambi nyingi. Kilichosaidia zaidi ni kwamba kila mahali palikuwa na taasisi iliyopokea, yenye jina, yenye watu, yenye kazi ya kufanya pale. Kidugala lilikuwepo kanisa. Ifunda ilikuwepo idara ya elimu. Ardhi haikubaki bila mtu wa kuulizwa.

Tusogee mbele, tufike wakati wa ukombozi. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzisha Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam, na kuanzia miaka ya 1970 hadi ilipovunjwa 1994 iliongozwa na Mtanzania mwenzetu, Hashim Mbita. Wapigania uhuru walipewa kambi katika nchi yetu: Kongwa, Nachingwea, Tunduru, Mgagao kule Iringa. Wazee wa vijiji hivyo waliishi na wageni wenye bunduki kwa miaka, wakitunza siri na kugawana chakula, na hawakudai malipo. Nchi zao zilipopata uhuru, wageni waliondoka. Masonya, wilayani Tunduru, iliyokuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, leo ni shule ya sekondari.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Morogoro, mahali panapoitwa Mazimbu. Palikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. Mwaka 1977, baada ya vijana wengi wa Afrika Kusini kukimbia kwao kufuatia maandamano ya Soweto, Tanzania ilikipa chama chao cha ukombozi, ANC, eneo hilo. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati ule alikuwa Mama Anna Abdallah. ANC ikajenga pale shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Dakawa, katika mkoa huo huo, wakajenga kituo kingine. Mazimbu ilikuwa shule wala si kambi ya mafunzo ya kijeshi, lakini ilikuwa sehemu ya mapambano yale yale, na ilipofika siku ya kuondoka ilituachia somo kubwa.

Tarehe 9 Julai 1992, Oliver Tambo alisimama Mazimbu na kuikabidhi kwa Rais Ali Hassan Mwinyi, mbele ya watu. Siku hiyo ilijulikana nani anatoa, nani anapokea, na nini kinatolewa. Mazimbu ikaenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nayo leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu, inafundisha maelfu ya vijana wa Kitanzania. Dakawa ikapata chuo cha ualimu, sekondari na mafunzo ya ufundi. Makaburi ya wapigania uhuru waliofia Mazimbu yametunzwa, na viongozi wa Afrika Kusini huja kuyazuru. Makabidhiano ya wazi ya siku moja yameleta amani ya zaidi ya miaka 30.

Majirani zetu Kenya walifanya kama hivyo mapema zaidi. Waingereza walikuwa na kambi kubwa Kahawa, nje ya Nairobi, iliyoitwa Templer Barracks. Kenya ilipopata uhuru, majeshi ya Uingereza yaliondoka, na mwaka 1965 majengo yale yalikabidhiwa serikali ya Kenya, yakawa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1985 kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walimu waliofundisha watoto wa Kenya nzima walisomea mahali walipolala askari wa mkoloni.

Sasa nikupe mfano wa upande wa pili, ili tusidhani mambo huenda vizuri yenyewe. Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, lilianzishwa Julai 10, 1963. Wazee wengi wanaonisikiliza walipitia huko. Wanajua kulala mahangani, wanajua kwata la alfajiri na shamba la mahindi lisilo na mwisho. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima kwa vijana wanaohitimu yalisitishwa kwa sababu ya ukata. Baadhi ya kambi zikabaki tupu, na wananchi wakafanya kilichokuwa cha busara kwa wakati ule: wakaingiza shule. Mojawapo ni Milundikwa, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Kambi ikawa sekondari. Wanafunzi wakasoma, wakafaulu, wazazi wakachangia.

Mwaka 2013 mafunzo ya JKT yakarejeshwa. Vijana wakawa wengi kuliko nafasi, na serikali ikaanza kufufua kambi za zamani. JKT likarudi Milundikwa, na shule ikalazimika kuhamia kijiji cha Kasu, ikaanza upya kujenga madarasa na mabweni. Simlaumu mtu. JKT lilikuwa linarudi mahali lilipoanzia, na taifa lilihitaji kambi. Lakini mfikirie mzazi aliyechangia tofali na siku zake za kazi katika shule ile. Mfikirie mwalimu mkuu aliyetakiwa kuhama na shule nzima. Ardhi ya kambi ikitumiwa bila kujulikana kama imetolewa moja kwa moja au kwa muda, anayeumia ni yule asiyekuwa na karatasi. Kama ni kwa muda, iandikwe kuwa ni kwa muda, na iandikwe nani atajenga shule nyingine siku ya kuondoka. Kama imetolewa kabisa, hati ibadilishwe jina.

Sheria zetu zinatupa pa kushikia. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zinaigawa ardhi katika makundi 3: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Kutoka kundi moja kwenda jingine kuna utaratibu na kuna saini. Maana yake ni kwamba geti la kambi likifunguliwa, ardhi haimrudii aliyekuwa na shamba pale zamani, na wala haiwi ya mwenyekiti wa mtaa aliye karibu. Mtu akija kukuuzia kiwanja ndani ya eneo lililokuwa la kambi, akakwambia wanajeshi wameshahama kwa hiyo hakuna shida, funga mkoba wako, nenda kwa afisa ardhi wa halmashauri, uombe kuona ramani ya upimaji. Watu wamepoteza akiba ya maisha yao kwa neno hilo la hakuna shida.

Serikali yenyewe inajua uzito wa jambo hili. Mwaka 2019, Rais Magufuli alipoagiza migogoro ya ardhi ya vijiji na hifadhi itafutiwe ufumbuzi, iliundwa kamati ya mawaziri 8, na Wizara ya Ulinzi ilikuwemo pamoja na Ardhi, Maliasili na TAMISEMI. Kamati ile ilishughulikia vijiji na mitaa 975. Ulinzi hauwezi kukosekana mezani ardhi inapozungumzwa, kwa sababu miji yetu imekua hadi kwenye uzio wa kambi.

Tuliona Dar es Salaam jinsi jambo hilo linavyoweza kuua. Aprili 29, 2009, maghala ya silaha yalilipuka Mbagala. Februari 16, 2011, yakalipuka Gongo la Mboto. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, na watoto wakapotezana na wazazi wao. Zamani kambi nyingi zilijengwa nje ya mji, na mji ukazifuata. Makambako yetu ni njia panda ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea, ina stesheni ya TAZARA, inapokea mbao, mahindi, viazi na parachichi za mkoa mzima. Mji wa namna hii unakua kila mwaka. Ndiyo maana mipaka iwekwe ingali mapema, na wananchi waiheshimu, na jeshi liiweke alama zinazoonekana.

Kuna jambo la tatu, nalo ni udongo wenyewe. Eneo lililokuwa kambi linaweza kuwa na uwanja wa shabaha, karakana, matangi ya mafuta, betri za zamani, mapaa ya asibesto. Risasi au bomu lisilolipuka linaweza kukaa ardhini miaka mingi, halafu mtoto akaliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililodhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka likaua wanafunzi 5 na kujeruhi wengine wengi. Ngara ni mpakani, na silaha zile zilikuwa na historia yake nyingine. Lakini bomu haliulizi limetoka wapi. Kwa hiyo kabla shule haijaingia kambini, wahandisi wa medani wa jeshi wapite hatua kwa hatua, na watoe cheti cha maandishi kwamba eneo ni salama. Wataalamu wa mazingira nao wapime maji ya kisima.

Dunia imejifunza hili kwa gharama kubwa. Ufilipino walikuwa na kambi mbili kubwa za Marekani, Clark na Subic. Septemba 1991 Seneti yao ilikataa mkataba mpya, na Novemba 1992 Wamarekani wa mwisho wakaondoka Subic. Wafilipino walifanya jambo la akili: Machi ya mwaka ule ule, miezi 8 kabla ya bendera kushushwa, Bunge lao lilikuwa limeshapitisha sheria iliyounda mamlaka za kupokea na kuendeleza ardhi zile. Kwa sababu hiyo Subic haikuporwa, ikawa eneo huru la biashara, bandari na viwanda, na maelfu wakapata ajira. Lakini jambo la pili liliwashinda. Mkataba wa zamani haukuwalazimisha Wamarekani kusafisha sumu walizoacha. Familia zilizokimbia mlipuko wa volkano ya Pinatubo ziliwekwa katika eneo la Clark, zikanywa maji ya visima vya pale, na malalamiko ya magonjwa yakaendelea miaka mingi bila mtu wa kuwajibika. Walikuwa na sheria ya kupokea, hawakuwa na karatasi ya usafi. Sisi tunaweza kuwa na zote mbili.

Basi tufanyeje, ndugu zangu wa Njombe na Makambako? Kazi ya kwanza ni ya halmashauri. Madiwani waulize katika vikao vyao: maeneo yote ya taasisi za umma yaliyo ndani ya mipaka yetu yamepimwa? Ramani zake ziko wapi? Fidia za waliopisha zamani zimekwisha kulipwa zote? Fidia isiyolipwa ndiyo inayofufua madai siku kambi inapofungwa, wakati shule imeshaingia na watoto wapo darasani.

Kazi ya pili ni ya mkutano wa mtaa na wa kijiji. Eneo likitangazwa kuwa linaachwa, wananchi wakutane mapema, waseme wanahitaji nini, na muhtasari uandikwe. Mimi ningependa eneo la namna hiyo lipewe kazi moja inayowafaa watu wengi: chuo cha ufundi cha mbao na usindikaji wa parachichi, hospitali, au sekondari yenye mabweni. Kambi ina mabweni, jiko kubwa, karakana na uwanja. Inalingana na chuo kuliko kitu kingine chochote. Kuikatakata viwanja vya kugawana ni kupoteza kile ambacho hatutaweza kukijenga tena kwa fedha zetu. Na mwekezaji akiletwa, mkataba wake usomwe hadharani, kwa Kiswahili.

Kazi ya tatu ni ya vijana wa shule. Nendeni Kidugala, nendeni Ifunda, waulizeni wazee, andikeni. Siku Makambako itakapopewa eneo la kuendeleza, tuwe na watu wanaojua kwamba mkoa huu na jirani zake wamewahi kufanya kazi hii, na waliifanya vizuri.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa na kipande cha ardhi kinachopakana na kambi, taasisi au hifadhi yoyote, wiki hii toa karatasi zako sandukuni uzisome. Kama hazipo, nenda ofisi ya ardhi. Kama mipaka ina shaka, omba ionyeshwe mbele ya mashahidi na uandikiwe. Kufanya hivyo si ugomvi na jeshi wala na serikali. Ni haki yako, nayo inawalinda hata askari, kwa kuwa mpaka unaojulikana hauhitaji bunduki kuulinda.

 Jioni hii zungumzeni habari hii na walio nyumbani, na kwenye mkutano ujao wa mtaa, iulizeni kwa sauti.